Hari ya Mama

Gari langu lilichemka mwezi wa pili mwaka huu, kati ya Kitale na Endebess, saa saba mchana, kiti cha nyuma kikiwa kimejaa katoni za dawa za ng'ombe ninazouza dukani kwangu. Mshale wa joto ulikuwa umepanda kitambo nikaupuuza, kwa sababu mimi ni mtu wa kupuuza mishale. Moshi mweupe ulipotoka mbele ndipo nikasimama, nikashuka, nikaweka kiganja kwenye boneti na kukitoa mbio huku nikitukana. Fundi mmoja mnene, mwenye gereji ya mabati pale kando ya barabara, akanipigia kelele kutoka mbali.

"Madam! Usifungue hicho kifuniko, kitakuchoma uso, bana! Na usimwage maji saa hii. Wacha ipumzike kwanza."

Nikanywea, nikakaa kwenye jiwe. Baadaye alikuja na tambara, akafungua kifuniko polepole, na harufu ikatoka: maji ya moto yenye kutu, dizeli, na vumbi lililopata maji. Ungenipiga kofi nisingeshtuka vile. Niliijua harufu hiyo. Ni ya mashine ya kusaga mahindi ya mjomba wangu, kule kijijini Mabanga, kiangazi kile nilichopelekwa huko nikiwa darasa la nne.

Sisi tulikuwa watu wa Endebess, na nyinyi wa rika langu mliokulia upande huo wa mlima mnajua maana yake. Sweta asubuhi, sweta jioni, na mchana ukiivua unaambiwa uirudishe. Ukungu ulikuwa unaingia mpaka darasani. Baba alifanya biashara ya vitunguu Suam, mpakani, na mama alilima na kukamua ng'ombe wetu wawili. Mama alikuwa mtu wa kucheka. Alikuwa na kicheko kirefu kilichoanza chini na kupanda, na akikianza ilibidi aweke ndoo ya maziwa chini kwanza.

Halafu akaugua. Ugonjwa wenyewe sikuambiwa, na wakati ule mtoto hakuwa anauliza. Nilichoona ni shuka zake kulowa kila asubuhi kama zimetoka kufuliwa. Baba akaona ampeleke Bungoma, karibu na mama yake mzazi, atibiwe huko, na mimi nikachukuliwa pamoja naye. Mama akalazwa hospitalini mjini. Mimi nikaachwa Mabanga kwa kukhu, yaani nyanya yangu, na mjomba wangu, kaka yake mama, aliyekuwa na ile mashine ya kusaga kando ya boma.

Sasa niwaambie kuhusu joto. Sikuwa nimewahi kukutana na joto la namna ile. Mabati ya nyumba ya kukhu yalikuwa yanalia kuanzia saa nne, ta, ta, ta, nami nikadhani kuna mtu anatupa vijiwe. Kufuli ya mlango ilikuwa haishikiki ila kwa upindo wa rinda. Mafuta yangu ya kujipaka yaliyeyuka yakawa maji ndani ya kikopo, na mshumaa uliokuwa dirishani uliinama ukatazama sakafu. Lami ya barabara kuu ililainika, nikavuka na patipati zangu, moja ikabaki imenata na mimi nikaendelea na mguu mtupu nikipiga mayowe. Kuku walitembea midomo wazi, mabawa yameachana na mwili. Ng'ombe wa kukhu alijibana kwenye kivuli cha ghala akakataa katakata kwenda malishoni, na mbwa alijichimbia shimo chini ya mtungi wa maji, mahali palipodondokewa na matone, akalala humo siku nzima.

Kitu kimoja tu ndicho kilichofurahia jua, nacho kilinitatiza sana. Betri za redio ya mjomba zikiisha nguvu, alizipanga juu ya paa zikaota jua, na jioni redio ilisema tena. Nikawa najiuliza kwa nini jua lile lile linalotia betri nguvu limchukulie ng'ombe nguvu. Nilimuuliza kukhu, akasema niache maswali, nirete kuni.

Nirete. Hivyo ndivyo alivyosema. Kukhu alikuwa akichanganya l na r kama wengi wa kwao: nirare mapema, nirete sufuria, nisikimbie balabalani. Mama pia alikuwa hivyo akiwa msichana, lakini Endebess walimcheka mpaka ulimi ukanyooka. Mimi nilimgeuzia kukhu maneno yake kichwani bila hata kufikiri, kama unavyogeuza shati lililovuliwa ndani nje. Kumbuka hilo, maana ndilo linalonitesa mpaka leo.

Jioni ya tatu, kukhu alirudi kutoka hospitalini, akaketi kwenye kigoda, akamwambia mjomba kwa sauti ya chini, "Hari yake ni mbaya."

Hari! Nilisisimka. Muhula ule ule mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ametuandikia vitate ubaoni, maneno yanayokaribiana kwa sauti na kuachana kwa maana. Hali: jinsi mtu alivyo. Hari: joto, au jasho. Mimi ndiye niliyepata yote, nikapigiwa makofi, na tangu siku hiyo nilikuwa sikaliki kwa maringo. Basi niliposikia hari nikajua kila kitu. Mama anaumwa joto. Kwani shuka hazikuwa zinalowa jasho? Ndiyo hiyo hari.

Mtasema, si ulikuwa unajua kukhu anachanganya? Si ulikuwa unamgeuzia maneno yote? Nilikuwa namgeuzia, ndiyo. Hili moja sikuligeuza. Nimelifikiria miaka mingi, na jibu nililo nalo ni hili: hali mbaya ya mama, mimi mtoto ningeifanyia nini? Lakini hari niliijua dawa yake. Nilikuwa naiona kila siku pale bomani. Kuku akipata kivuli anafunga mdomo. Kukhu akinyunyiza maji uani, ardhi inatulia. Hata mashine ya mjomba, lile dubwana lililotetemesha ukuta, lilikuwa na pipa la maji pembeni la kuipoza, na ikishika moto kupita kiasi mjomba aliizima, akawaambia akina mama waliopanga foleni na madebe yao, "Mnisamehe. Iacheni ipumzike, itawaka tena." Nayo iliwaka tena. Kila mara.

Kwa hiyo sikuogopa. Niliishi siku mbili bila hofu kabisa, nikinusa unga wa moto na kutia mikono chini ya bomba la mashine. Mpaka alipokuja mama mmoja jirani, mcheshi sana, na debe lake kichwani, akaniuliza jina.

"Nasimiyu."

"Nasimiyu!" Akapiga makofi. "Kumbe ni wewe ndiye umetuletea jua hiri! Si urudi naro kwenu Endebess, utatumariza!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mjomba naye akacheka. Kwa wasiojua, Nasimiyu ndilo jina la msichana aliyezaliwa wakati wa kiangazi. Simiyu ni kiangazi chenyewe. Ni utani wa kawaida, na kila Nasimiyu anausikia kila jua linapowaka. Endebess hakuna aliyewahi kunitania hivyo, kwa sababu Endebess hakuna jua la kutaniana nalo. Nilisimama pale na unga mikononi. Mimi ndiye kiangazi. Nimelala kitanda kimoja na mama, baba akiwa Suam, nimemkumbatia usiku kucha, na asubuhi shuka zimelowa.

Jumapili tulikwenda kumwona. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, chini ya mabati yale yale yenye kulia. Baba alikuwa ameshafika, ameketi na kofia mapajani. Mama alikuwa amepungua, shingo imekuwa nyembamba, na gauni la hospitali limemgandama kwa jasho. Aliponiona uso ulifunguka. Akanyoosha mkono.

"Nasimiyu. Njoo."

Nikashika fremu ya mlango. Ilikuwa ya chuma, nayo ilichoma.

"Njoo unisalimie, mama."

"Niko sawa hapa."

Baba akakunja uso. "Una nini wewe? Mama yako anakuita."

"Mtoto anaogopa hospitari," kukhu akasema. "Mwacheni."

Mama alishusha mkono polepole, akaugeuza uso dirishani. Niliona bega lake likitikisika. Nilijiambia ni hari inatoka. Nikabaki pale mlangoni saa nzima, na tulipoondoka nilimpungia mkono kwa mbali. Nyinyi mnaosoma, wengi wenu mna umri wangu na mmezika watu, kwa hiyo mnajua saa moja ni nini. Ningerudishiwa saa ile moja ningetoa duka, gari, na kila kitu kilichomo ndani.

Wiki iliyofuata nilijipoza. Sina neno lingine. Nilikuwa nimejaa kiangazi, basi nikaamua kukitoa. Nililala sakafuni kwenye saruji. Nilikataa chai, nikanywa maji ya mtungini. Mchana nilikaa kivulini na mbwa, miguu ndani ya karai, nikijimwagia maji kichwani kwa kikombe. Mjomba akanikuta.

"We, unafanya nini humo ndani ya karai?"

"Najipoza."

Alinitazama, akachuchumaa. Alikuwa mtu wa mashine, hakujua sana mambo ya watoto, basi akaniambia alichokijua. "Sikiriza. Kitu kikishika moto hukikimbirii na maji baridi. Kinapasuka. Niliwahi kupasua kichwa cha injini hivyo, nikaria kama mtoto. Unakiacha kipumzike. Kinapoa chenyewe, porepore."

"Porepore?"

"Porepore," akasema, akasimama kurudi kazini.

Nikaacha kujimwagia maji, nikakaa tu, mchana kutwa, siku baada ya siku, nikipoa polepole. Kufikia Jumamosi nilijigusa shingo nikajiona nimekuwa baridi safi. Kesho yake kukhu akanipa chupa ya maji ya mtungini, imefungwa gunia bichi, nimpelekee mama, akatangulia kwa matatu, na mjomba akanipakia nyuma ya baiskeli. Sikuwa nimefikiria safari. Kiti kilikuwa moto hata nikakalia kwa paja moja. Jua lilitupiga kutoka Mabanga mpaka mjini, na tulipoteremka hospitalini jasho lilikuwa linanitiririka hadi visigino. Wiki nzima imekwenda bure! Nilikuwa moto kuliko nilivyokuwa Jumapili iliyopita. Nikafika mlangoni, nikashika fremu ile ile, nikaanza kulia.

Mama alijiinua kwa kiwiko. Sasa hata kujiinua kulimchukua muda.

"Nasimiyu, umenikasirikia?"

"Hapana."

"Unaniogopa? Nimekuwa mbaya hivyo?"

"Hapana, mama!"

"Sasa ni nini?"

"Nikija nitakuongezea hari."

Hata mgonjwa wa kitanda cha pili aligeuka.

"Nani amekwambia?" mama akauliza.

"Kukhu alisema hari yako ni mbaya. Na mimi ni kiangazi."

Kukhu alifungua mdomo, na bila shaka angenieleza sawasawa, maana hakuwa mtu wa kuzungusha mambo. Mama akainua kidole kimoja kutoka kwenye shuka. Kidole tu. Kukhu akafunga mdomo. Mama akanitazama, na kile kicheko kikaanza chini, kikapanda kidogo, kikakatwa na kikohozi. Akangoja kikohozi kiishe.

"Mimi naitwa nani?"

"Mama."

"Jina langu."

"Nafula."

"Nafula ni nini?"

Kila mtoto wa kwetu anajua. Ni msichana aliyezaliwa wakati wa mvua. "Mvua," nikasema.

"Haya. Umewahi kuona mvua inakimbia jua?"

"Hapana."

"Basi njoo hapa."

Nilikwenda. Nilimkimbilia, sikutembea, na chupa ikaanguka ikabingirika chini ya kitanda. Nikapanda. Alikuwa anawaka, mama yangu, mwili mzima, na gauni lake likanilowesha upande mmoja, na nikasikia chini ya sabuni ya hospitali harufu yake yenyewe, ya maziwa na moshi wa kuni. Akaweka kiganja kichwani pangu, kwenye nywele zilizolowa jasho la barabara nzima.

"Umelowa. Nani amekumwagia maji?"

"Nilijipoza. Wiki nzima."

"Ndiyo maana," akasema. "Umepoa kabisa. Baridi kama Endebess."

Alikuwa anadanganya, na mimi nikaamini, na hakuna kitu nilichowahi kuamini kwa raha kama hicho. Nililala pale mpaka muuguzi akasema muda umekwisha. Kiu ya mkono ule ninayo mpaka sasa. Nimekuwa mama mwenyewe, nimeshika vichwa vya watoto wangu, nikaelewa alichokuwa anafanya, lakini kuelewa hakujaniondolea kiu.

Alhamisi, mabati yakiwa katikati ya kelele zake, kukhu alirudi kutoka mjini mapema. Alikuwa amejifunga leso kiunoni. Nilikuwa nimeketi na mbwa. Alisimama mbele yangu, jasho linamtoka, akanishika mabega, na safari hii hapakuwa na herufi ya kuchanganya.

"Mama yako amepumzika."

Nilishangilia. Nawaambia ukweli, nilirukaruka. Nilimponyoka kukhu nikakimbia mpaka kwenye mashine, nikapita foleni ya akina mama na madebe yao, nikapiga kelele juu ya muungurumo.

"Anko! Anko! Mama amepumzika!"

Mjomba aligeuka. Akanitazama mimi ninayecheka, akatazama nyuma yangu, alikosimama kukhu. Akanyoosha mkono akaizima. Mkanda ulipiga mara mbili tatu, ukatulia. Akina mama walielewa mara moja. Mmoja wao, yule mcheshi, aliteremsha debe lake na kufunika mdomo. Mjomba akaketi kwenye gunia. Uso wake ulikuwa mweupe kwa unga, na michirizi miwili ikaanza kushuka ikiufua.

"Sasa atawaka lini?" nikamuuliza. "Si ulisema ikipumzika inawaka?"

Alinivuta, akanikalisha kando yake, akaniwekea mkono begani. Mashine ilikuwa bado moto, nikaisikia ikilia tik, tik, jinsi chuma kinavyolia kikipoa. Nikamwambia tusiondoke, tungoje. Naye akangoja na mimi hadi nilipoigusa nikaikuta baridi. Ndipo nikaelewa, polepole, jinsi alivyonifundisha.

"Haya, madam," fundi akasema. Alikuwa amemaliza kujaza maji, amefunga kifuniko, anajifuta mikono. "Imepumzika sasa. Jaribu."

Niliingia, nikazungusha ufunguo. Likawaka mara moja, bila hata kukohoa. Chuma kitupu, cha mtumba, kimelala nusu saa kando ya barabara, na kimeamka. Nilikichukia. Nikaegemeza kichwa kwenye usukani, na machozi yakaja mengi, ya mtoto.

Fundi akainama dirishani. "Kwani nini tena? Si imewaka, madam? Unalia nini?"

"Hari," nikamwambia. "Ni hari tu."

Akanipa tambara lake, lile safi, akasema ni kweli kabisa, ati jua la mwaka huu limezidi.